Siku 6 kwenye nyumba ya mawe ya zamani Lamu, familia nzima pamoja na mama mkwe, tunajipikia wenyewe. Njoo nikupe mkanda mzima

Msukuma wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu salaam. Wale mlionishauri hapa jukwaani mwezi wa 11 nisiende Lamu, nimeenda na nimerudi mzima. Nawasalimu kutoka Tanga, miguu bado inauma kwa ngazi.

Nianze mwanzo. Mimi mtu wa Shinyanga nimeoa Tanga, wife kwao asili ni Mombasa Mji wa Kale. Mama mkwe alipokuwa binti alikuwa anapelekwa Lamu kwa shangazi yake kila likizo, na miaka yote hii anasema hataki kufa hajaiona Lamu tena. Sasa mwaka jana nikapata vihela kidogo nikasema twende wote, mimi, wife, shemeji yangu, mama mkwe, na watoto wanne (binti wa miaka 15, mapacha wa kiume wa miaka 9, na kitinda mimba ana 4). Watu 8. Nikapiga hesabu ya hoteli, vyumba vitatu mpaka vinne mara siku sita na chakula juu, nikafunga simu nikanywa maji.

Ndo shemeji akasema kuna nyumba za zamani kule zinapangishwa nzima, unapewa ufunguo, kuna jiko, kuna vyombo, unajipikia. Tukapata moja mtaa wa Mkomani, shilingi 12,000 za Kenya kwa usiku kwa nyumba nzima. Gawanya kwa vichwa 8 uone mwenyewe.

Safari: Tanga, Horohoro, Mombasa tukalala kwa ndugu. Kesho yake alfajiri basi la Lamu kupitia Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, ambapo nchi inaisha. Njiani vizuizi vya askari ni vingi, mnashuka mnaonyesha vitambulisho, kwa hiyo msiviweke chini ya begi kama mimi. Mokowe unapanda boti kuvuka kwenda kisiwani. Wenye hela wanatua na ndege Manda, kisiwa cha jirani, nao boti hawaikwepi.

Mzigo wetu ukapakiwa kwenye punda wawili pale jeti. Kitinda mimba wangu wa miaka 4 akauliza gari letu liko wapi. Mwanangu gari ndo hilo linakutazama.

Naenda kula, nakuja na sehemu ya nyumba yenyewe maana hapo ndo kuna kasheshe.

Kapero la Mzee

Nimekaa paleeee na kahawa yangu. Mama mkwe na nyumba moja siku 6, huyu jamaa ana roho ngumu.

Bint Chakechake

Lete mzigo. Halafu ukumbuke kutuambia hiyo "tunajipikia" ni nani hasa alikuwa anapika.

Msukuma wa Chumbageni

Nimerudi. @Bint Chakechake swali lako nimeliona, ngoja nalifikia, usinitangulie.

Nyumba. Kwa nje huoni kitu, ukuta mrefu mweupe umechakaa chokaa, kidirisha kidogo huko juu, unasema ndo hapa tumelipia? Mlangoni kuna kibaraza kilichoingia ndani kidogo, pana viti vya mawe pande mbili, wao wanaita daka. Mlango wa mbao wa milango miwili umechongwa, ukiingia unakutana na ukuta! Inabidi ukate kona ndo uingie uani. Nikafikiri fundi alikosea vipimo. Mama mkwe akacheka akasema hapo panaitwa tekani, pamepindwa makusudi ili mpita njia asione waliomo ndani hata mlango ukiwa wazi.

Ukishakata kona ndo unatoa macho. Uwanja mdogo ulio wazi juu, wao wanauita kiwanda, mbingu ileee. Unatazamana na chumba kirefu chembamba kinaitwa msana wa tini, nyuma yake kingine sambamba msana wa yuu, nyuma yake tena chumba kinachoitwa ndani. Kila ukisogea kwenda ndani sakafu inapanda kidaraja, ndo maana ya tini na yuu, yaani chini na juu kwa lugha yao. Na kule ndani kabisa ukuta mzima umejaa vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa, zidaka, safu kwa safu kama sega la nyuki. Zamani walikuwa wanapanga sahani za kichina humo. Mapacha wangu baada ya nusu saa walikuwa wamepanga magari yao ya plastiki, kila kidaka gari moja, na kusema kweli ilipendeza.

Sasa kasheshe. Nikazunguka natafuta milango ya vyumba. HAKUNA. Misana yote miwili haina milango, ni mapazia. Ndani nako pazia. Na choo cha chini kipo nyuma kabisa, yaani ukitaka kwenda chooni usiku unapita msana, unapita msana, unapita ndani. Juu kuna vyumba viwili vilivyoongezwa baadaye, hivyo vina milango, lakini ngazi zake zimesimama kama unapanda mnazi, na mama magoti yake yanajulikana.

Kwa hiyo mama alale chini pasipo na mlango, au mimi nilale chini tupishane na mama mkwe usiku na taulo? Au mimi nilale juu, na yeye chini, yaani nilale juu ya kichwa cha mkwe wangu? Kwetu bara mkwe hata mkono unampa kwa adabu! Nilisimama pale kiwandani na mabegi kama robo saa nzima, jasho linanitoka, wife ananiangalia tu.

Kapero la Mzee

Hahahahaaa nimemwaga kahawa. Kulala juu ya kichwa cha mkwe!

Fundi Chokaa

Mkuu hizo nyumba nazijua, nimezifanyia kazi Unguja na nimekaa Lamu miezi minne. Vyumba ni vyembamba hivo kwa sababu ya boriti. Dari lote limebebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi urefu mkubwa ulionyooka wa kubeba uzito wa mawe na chokaa, ukizidisha mita tatu unatafuta balaa. Kwa hiyo upana wa chumba unaamuliwa na mti, urefu ndo unaamua mwenyewe kwa hela yako. Ndo maana misana inakuwa kama behewa la treni. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, mchana wa jua kali ndani unakuta ubaridi.

Ami_Muscat

Fundi umenikumbusha. Huku Oman majumba ya zamani yakivunjwa dari zake unakuta boriti hizohizo, wenyewe wanaziita chandal. Zilikuja kwa majahazi kutoka pwani yetu, nyingi Lamu na Rufiji. Na vyumba vya huku vya zamani navyo vyembamba vilevile, sasa nimejua kwa nini.

Mwana wa Mkomani

Karibuni Amu, ndo Lamu yenyewe. Mleta uzi hongera, umeyataja majina vizuri kushinda vijana wetu wengi. Nyumba nyingi za mawe zilizosimama leo ni za karne ya 18, mji wenyewe una zaidi ya miaka 700 na watu hawajawahi kuhama. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001.

Kuhusu milango: nyumba ilijengwa kwa familia moja, wageni wa kiume wanaishia daka, hawaingii. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo unavyoingia kwenye siri ya nyumba. Kule ndani hulala wenye nyumba. Na nyuma ya ndani kuna kijichumba, kinaitwa nyumba ya kati, umekiona?

Msukuma wa Chumbageni

Tumekiona, shemeji aliweka mabegi yake na akalala humo siku mbili kwa sababu ndo kina giza na ubaridi.

Mwana wa Mkomani

Basi. Nilikuwa nauliza tu.

Kapero la Mzee

Usituache hewani bana. Kina nini?

Mwana wa Mkomani

Zamani ndimo mlimokuwa mkioshewa maiti.

Msukuma wa Chumbageni

Shemeji sijamuonyesha hii. Ila naona wife kaisoma yuko jikoni anacheka peke yake, kwa hiyo nina dakika kama tano hivi.

Tuendelee. Aliyenitoa pale kiwandani ni mama mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha daka anapumzika, akaingia, akatazama, akapanga nyumba nzima bila kuniuliza. "Mimi nitalala ndani. Wasichana msana wa yuu mbele yangu. Hawa wanaume wawili wadogo msana wa tini. Wewe baba na mkeo pandeni juu." Nikajikaza nikasema mama, juu... si vizuri. Akaniangalia, akasema, "Chumba chenu kiko upande wa kiwanda, mimi niko huku. Umelala juu ya kuku basi, si juu yangu. Na ukishuka usiku ukohoe."

Ndo ikawa sheria ya nyumba. Kabla hujafunua pazia unakohoa. Siku ya pili mpaka mdogo wa miaka 4 anakohoa akienda kunywa maji. Siku ya tatu mapacha wanakohoa kwa mashindano, nani kakohoa kama babu. Tumerudi Tanga, kwenye nyumba yenye milango ya mbao na vitasa, bado watu wanakohoa.

Bint Chakechake

Mama mkwe wako nampenda bure. Sasa jibu swali la jikoni.

Msukuma wa Chumbageni

Jiko lipo JUU. Juu kabisa darini, yaani juu ya paa, chini ya makuti. Nilishangaa sana, jiko linapandishwa gorofani? Wanasema ndo utaratibu wa zamani, moshi na joto viondoke na upepo visikae ndani ya nyumba. Kwa akili ya jengo ni sawa kabisa, hata moto ukishika si rahisi ukakukuta kitandani. Ila kwa mtu anayebeba ndoo ya maji, mchele kilo tano na samaki, kwenye ngazi za aina ile, utamkumbuka aliyebuni.

Siku ya kwanza tukapanda na kushuka mpaka shemeji akaketi katikati ya ngazi akagoma. Mama akauliza hakuna kapu? Kulikuwa na kapu la ukindu limening'inia ukutani, tulidhani ni pambo. Akasema lifungeni kamba. Kumbe darini kuna upande unaochungulia kiwanda, unashusha kapu mpaka chini, anatia kitunguu, anatia nazi, unavuta. Kuanzia hapo hilo kapu lilikuwa kazi ya mapacha, na hakuna kitu kilichowafurahisha zaidi kwenye safari nzima, si boti si punda. Walivuta mpaka viatu. Walitaka kumvuta mdogo wao, nikafika.

Sokoni ni pale mbele ya ngome, Mkunguni. Ngome yenyewe ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela (kijiji jirani hapo kisiwani) ikakamilika 1821, ikaja kuwa gereza miaka mingi mpaka 1984. Asubuhi unatoka na kapu kwenye usita, ndo vichochoro vyao, unajibana ukutani punda apite, unafika sokoni unapata embe, ndizi, mchicha, nazi. Samaki tulikuwa tunawadaka wavuvi wakishusha. Nguru tulimpata mkubwa kwa bei ambayo Tanga siipati, na kamba pia.

Maji ya bomba ya pale kwetu yalikuwa ya kuoga na kuosha vyombo, yana chumvi kidogo. Ya kunywa tulinunua madumu, yanaletwa na punda mpaka mlangoni. Gesi iliisha usiku wa kwanza wali ukiwa nusu, tukamalizia mkaa. Kama unakwenda na watoto uliza kabla: mtungi una gesi kiasi gani. Mimi sikuuliza.

Mama Mapacha

Samahanini wadau, mimi ndo mke wa mleta uzi. Naona anaizunguka sehemu muhimu.

Siku ya kwanza nilipika mimi. Chai, mchana, usiku. Siku ya pili nilipika mimi. Watu 8, jiko liko mbinguni, upepo wa kaskazi unazima kiberiti. Yeye alikuwa anapiga picha zidaka na kusimuliwa na wazee barazani. Siku ya pili usiku nikashuka na mwiko mkononi (nilikohoa kwanza) nikamwambia hii ni likizo ya nani? Mama yangu yuko ndani nyuma ya pazia anasikia kila neno, maana hizo kuta nene zinazuia joto, mapazia hayazuii kitu.

Endelea baba, waeleze kilichofuata.

Bint Chakechake

NILIJUA. Nilijua toka post ya kwanza. Haya mashauri ya "tukajipikie ni nafuu" nafuu yake inatoka mgongoni kwa mwanamke.

Kapero la Mzee

Mleta uzi ukimya huu una maana gani?

Msukuma wa Chumbageni

Nipo. Nakubali kosa mbele ya jukwaa.

Kilichofuata ni hivi. Bwana anayetunza ile nyumba, mtu mzima mpole sana, asubuhi nikamuuliza, akacheka, akasema hapa hakuna anayepika chai nyumbani kama ana akili. Kuna mama mtaa wa pili anakaanga mahamri alfajiri, kuna mbaazi za nazi, kuna mkate wa mofa. Unatuma mtoto na sahani. Kwa hiyo chai ikatoka mikononi mwa wife siku ya tatu. Mchana tukamlipa jirani mmoja, ndugu wa huyo bwana, anakuja na mwanae anapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na huyo alitufundisha kukamua tui kwa utaratibu mpaka shemeji akaandika. Usiku zamu yangu na mapacha, tunachoma darini. Ukijumlisha na malipo ya mpishi bado tulikuwa chini ya nusu ya hesabu ya hoteli. Kosa langu ni kwamba hiyo hesabu ya mpishi sikuitia toka mwanzo, nilihesabu nguvu za mke wangu kama bure.

Mama Mapacha

Waambie na habari ya paka.

Msukuma wa Chumbageni

Hiyo haina umuhimu.

Mama Mapacha

Zamu yake ya kwanza alimtia chumvi na ndimu nusu ya yule nguru, akamwacha darini amkolee viungo, akashuka kumalizia mpira kwenye simu. Lamu ina paka kuliko watu. Wembamba, masikio makubwa, wanaruka dari hadi dari. Tulikula wali na kachumbari. Mama alisema kachumbari nzuri.

Fundi Chokaa

Hahaha poleni. Turudi kwenye jengo kidogo, kwa wengine wanaotaka kupanga nyumba za zamani, iwe Lamu, iwe Unguja (na huko zimejaa, Mji Mkongwe uliingia urithi wa dunia 2000, tofauti nyumba zake ndefu zina vibaraza vya mbao na mkono wa Kihindi). Ukifika usiangalie mashuka kwanza, inua shingo. Angalia boriti pale zinapoingia ukutani, hapo ndo huozea maana hunyonya unyevu. Ukiona zimedidimia au pana alama ya maji, omba chumba kingine. Halafu gusa ukuta: ukikuta plasta ya saruji imebanduka kama gamba, aliyekarabati hakujua kazi. Chokaa inapumua, unyevu na chumvi vinatoka. Saruji inavifungia ndani, ukuta unaoza huku nje unang'aa. Hata lile jumba la Beit al-Ajaib pale Unguja, la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 mchana kweupe, tena likiwa kwenye ukarabati. Majengo haya yanataka mtu wa kuyatazama kila mwaka.

Jirani wa Langoni

Nyie mnasifia, sawa. Lakini mjue nyingi ya hizi nyumba nzuri, hasa Shela, si za watu wa Lamu tena. Zimenunuliwa na wageni, zinakaliwa wiki chache, zilizobaki zinapangishwa. Mwenye nyumba wa asili kauza, kajenga ya matofali huko nyuma. Mtoto wa hapa akitaka kuoa hapati nyumba ya mawe mjini hata akiuza mashua ya baba yake.

Mwana wa Mkomani

Kweli unayosema, lakini upande wa pili nao usemwe. Kukarabati nyumba moja ya mawe ni gharama ya kutisha, ndugu kumi mmeirithi, nani atatoa? Mimi nimeona zilizoachwa, boriti zikaanguka, ikabaki kuta na mpapai umeota katikati. Nyumba aliyokaa mleta uzi kama ni ninayoidhania bado ni ya ukoo wa hapa, wanaipangisha ndo wapate chokaa.

Jirani wa Langoni

Hao wachache Mungu awaongezee. Nasema wengi.

Msukuma wa Chumbageni

Hiyo yetu ni ya wenyeji, nilithibitisha. Na mimi nashauri anayekwenda aulize hilo kabla hajalipa, si siri, watakuambia. Hela ikikaa pale pale mtaani hata mtunza nyumba anakutazama tofauti. Na alikuwa na kila sababu ya kunitazama vibaya, kwa sababu ya birika.

Pale kando ya choo kuna birika la maji la kujengwa, unateka kwa kata. Ndani mna visamaki vidogo. Vinafugwa makusudi, vinakula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika kuna bakuli la kauri limejengewa kwenye sakafu yake, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Kitu cha zamani kabisa, kimefikiriwa kikafikirika. Sasa pacha mmoja, kwa nia njema, akaona maji yana samaki, akaona ni machafu, akamwaga sabuni ya unga.

Nilisikia kikohozi na kilio kwa pamoja. Mtunza nyumba alikuja mbio, akawateka kwa kata mmoja mmoja akawatia kwenye sufuria yetu ya wali yenye maji safi, akamkalisha pacha pembeni awahesabu. Saba. Wakakaa kwenye sufuria mpaka birika lilipooshwa mara tatu. Wote walipona. Kijana sasa anataka birika nyumbani kwetu Chumbageni.

Bint Chakechake

Na matembezi je, mlitoka au mlikuwa mnavuta kapu tu?

Msukuma wa Chumbageni

Tulitoka. Makumbusho pale mbele ya bahari watoto waliona siwa ya Pate, lile baragumu kubwa la pembe za ndovu, binti yangu mkubwa aliyenunia safari yote kwa sababu ya intaneti alisimama pale muda mrefu kuliko sisi wote. Posta ya Wajerumani nayo ipo, walifungua 1888 wakafunga 1891. Shela tulikwenda kwa miguu kilomita tatu pwani, tukarudi kwa boti maana jua. Ile milima ya mchanga ya Shela ndo inayohifadhi maji ya visima vya kisiwa, mvua inazama mchangani, ndo maana wenyeji wanakuwa wakali mtu akitaka kujenga juu yake. Na Takwa, magofu, upande wa Manda: boti inaingia kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, na ni maji yakijaa tu. Tulichelewa kuondoka magofuni nusu saa, nahodha akaanza kututazama kama anatuhesabia mishahara. Tulisukuma.

Mama Takwa hakwenda. Ngome hakwenda. Alitoka mara moja tu, akaenda na binti yangu mkubwa kutafuta nyumba ya shangazi yake. Walizunguka vichochoro saa mbili. Aliikuta, ina watu wengine, ghorofa imeongezwa, ila ule wikio upo, ndo chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Alisema walikuwa wanalala mle wasichana sita, wanasikia kila anayepita chini anasema nini. Wenye nyumba wakawakaribisha, wakakaa mpaka magharibi. Binti yangu alirudi hakuomba intaneti usiku ule. Alihamisha godoro lake akalala ndani, karibu na bibi yake, na tulivyokuwa tunachoma samaki huko juu tulisikia wanaongea mpaka tukazima mkaa.

Kapero la Mzee

Mkuu hii sehemu ungeiweka mwanzo.

Ami_Muscat

Mama yangu alizaliwa Lamu. Naomba unitumie PM mawasiliano ya hiyo nyumba.

Mdau Mgeni

Mkuu mwezi gani mzuri? Na mtu mwenye watoto wadogo zaidi ya wako?

Mwana wa Mkomani

Desemba mpaka Machi kuna kaskazi, bahari tulivu, joto lipo ila dari ina upepo. Aprili na Mei mvua, wengi wanafunga. Julai Agosti kusi inavuma, kuna ubaridi mzuri ila bahari inachafuka. Watu wa Maulidi wanajaza mji kila mwaka, hapo ukichelewa hupati nyumba.

Mama Mapacha

Mwenye mtoto anayeanza kutembea asichukue nyumba yenye dari wazi bila kuuliza urefu wa ukingo wake. Wetu ulikuwa unafika kiunoni kwangu, nikawa nahesabu vichwa kila dakika. Na ngazi hazina cha kushika. Net za mbu mnapewa, vaeni nguo za heshima mtaani, watu wana adabu sana na nyie muwe nayo. Shemeji yake ameshaiona ile habari ya nyumba ya kati. Haongei na mimi wala na mume wangu.

Mwana wa Mkomani

Mwambieni wanawake walikuwa wakijifungulia humo humo pia.

Mama Mapacha

Mama kamwambia hivyohivyo. Haikusaidia.

Mdau Mgeni

Na namba ya nyumba tutaipata wapi? Naona watu wote wanaomba PM.

Msukuma wa Chumbageni

Nitawapa, ila subirini kidogo. Juzi wakati tunafua nimekuta kwenye begi la pacha wa pili, ndani ya gari lake la plastiki la kubeba mchanga, ufunguo wa ule mlango mkubwa wa mbele. Nimempigia bwana wa nyumba, akasema alidhani punda kaumeza. Nimemkabidhi konda wa basi la Mombasa, Mombasa utapokelewa na ndugu upande basi la Mokowe. Saa hizi upo Garsen. Ukishafika tu namuomba ruhusa nigawe namba yake.

Kapero la Mzee

Nakohoa hapa nasubiri.